Gani ya rangi ya shilingi 75,000: miezi 9 katika karakana ya samani Mbeya

Gani ninayoizungumzia hapa, yaani bunduki ya kupulizia rangi kwa hewa, niliinunua mwezi Juni katika duka moja la vifaa vya ufundi pale Mwanjelwa, kwa shilingi 75,000 baada ya kupatana, kwa sababu ile ya zamani yenye kopo la chini ilikuwa imeanza kutema rangi kama mtoto mwenye kikohozi. Hii mpya ni ya chupa ya juu, ya plastiki, yenye ujazo wa mililita 600. Imefungwa nozeli, yaani ncha yenye tundu la kutolea rangi, ya milimita 1.4, na ndani ya boksi mna seti ya pili ya milimita 1.7, brashi ndogo ya kusafishia, spana moja na geji ya kupimia presha ya hewa, ya kufunga chini ya mpini. Jina lililo kwenye boksi silo lililochongwa kwenye mpini, jambo ambalo kwa vifaa vya bei hii halinishangazi tena, kwa hiyo msomaji anayetaka kuitambua atazame umbo lake na vipimo vyake kuliko jina.

Nimeitumia kwa miezi 9, kiangazi na masika, kwenye milango ya kabati, vitanda, meza na fremu za vioo. Inatoa uso laini kuliko nilivyotarajia kwa bei yake, ila haukuja siku ya kwanza wala ya kumi, na lawama nyingi nilizoitupia mwanzoni hazikuwa zake. Ina kasoro zake pia, na nitazitaja bila kuzifunika, lakini ni lazima nianze na zile ambazo niliisingizia.

Kazi ya kwanza ilikuwa milango 14 ya kabati za jikoni kwa mteja wa Forest Mpya, mingine ya mbao za misindano zinazotoka Sao Hill kule Mufindi, mingine ya MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa, yote ipulizwe laka ya selulosi, ile ambayo madukani huitwa NC, ya rangi ya maziwa. Nilipiga msasa namba 320, nikapangusa vumbi, nikapuliza. Milango mitatu ya kwanza ilitoka na uso kama ganda la chungwa: ukiitazama kwa mbele unaona rangi nzuri, ukiinamisha kichwa ili mwanga wa dirisha upite juu yake unaona vibonde na vivimbe kutoka kona hadi kona. Nikaongeza presha, vumbi la rangi likajaa karakana na uso ukabaki vilevile. Nikasogeza gani karibu, na mlango wa nne ukachuruzika michirizi miwili hadi kwenye ukingo wa chini.

Jirani yangu ni fundi wa bodi za magari, mzee ambaye amepuliza rangi tangu enzi za gani za kopo la chini. Nilimwamkia, nikamweleza kwamba nimeuziwa kitu kibovu. Hakuuangalia mlango hata kidogo. Akaniambia, "Mwanangu, kabla hujamtukana aliyekuuzia, nipe boksi." Alilikunjua lile boksi la gani, akaliegemeza ukutani, akaizungusha kofia ya hewa, ile iliyo mdomoni mwa gani, ili mpulizo utanuke kulia na kushoto badala ya juu na chini, kisha akashika triga bila kuusogeza mkono mpaka rangi ikaanza kuchuruzika. Palitokea mstari mpana wa rangi wenye michirizi inayoteremka, na ile michirizi ya katikati ilikuwa mirefu karibu mara tatu ya ile ya pembeni. "Soma hapo," akasema, akarudi kwenye gari lake.

Nimeusoma mchoro huo mara nyingi tangu siku ile, na ningemshauri yeyote aliyenunua gani mpya auchore kabla ya kugusa kazi ya mteja. Michirizi ikilingana urefu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, gani inagawa rangi sawasawa. Ikiwa mirefu katikati, hewa ni kidogo au rangi ni nzito. Ikiwa mirefu pembeni na katikati pakavu, mfano wa namba nane iliyolala, presha imezidi au rangi imekuwa nyepesi mno. Ikiegemea upande mmoja, au mpulizo ukipinda kama ndizi, kuna tundu lililoziba, na hapo unaizungusha kofia nusu mzunguko na kupuliza tena: kasoro ikihama upande, uchafu uko kwenye kofia, ikibaki palepale, uko kwenye ncha ya nozeli au kwenye sindano inayoiziba nozeli hiyo.

Kwangu ilikuwa hewa. Geji ilionyesha bar 2 wakati triga imeachwa, nami niliridhika na namba hiyo bila kujua kwamba presha hupimwa wakati hewa inatoka. Nilipoishika triga huku naitazama, mshale uliteremka hadi karibu na 1, ukabaki unatetemeka hapo. Gani za aina hii hufanya kazi kwa hewa nyingi yenye presha ndogo. Inayoingia kwenye mpini huwa bar 2 hivi, na inayotoka kwenye kofia haitakiwi kuzidi psi 10, ambazo ni bar 0.7. Faida yake ni kwamba rangi nyingi zaidi hufika kwenye mbao badala ya kupeperuka kuelekea kwa jirani. Gharama yake ni kwamba gani inakula hewa, na boksi langu lenyewe, kwa maandishi madogo ambayo sikuyasoma hadi lilipokwisha kupakwa rangi, lilitaka lita 230 kwa dakika.

Kompresa yangu ni ya tangi la lita 50 na mota ya nguvu farasi 2, na imeandikwa lita 200 kwa dakika. Namba hiyo kwa kawaida ni ya hewa inayovutwa na pistoni. Inayofika kwenye mpira wa kupitishia hewa ni pungufu sana ya hapo. Kisha tuko Mbeya. Mji huu uko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa ni kama asilimia 82 ya ile ya pwani, kwa hiyo kompresa ileile ambayo ingetosha kwa shida pale Tanga au Dar es Salaam, huku juu inameza hewa pungufu kwa karibu moja ya tano kila pistoni inaposhuka. Wenzetu wa Iringa, Mafinga na Njombe wako katika hali hiyohiyo. Sijawahi kumsikia muuzaji akilitaja jambo hili, na kusema kweli mimi mwenyewe nisingelifikiria kama mshale usingenilazimisha.

Sikununua kompresa nyingine. Nilibadilisha mpira, kwa kuwa wa zamani ulikuwa na kipenyo cha ndani cha milimita 6 na urefu wa mita 15, nikaweka wa milimita 10 wenye urefu wa mita 8. Nikaondoa viunganishi viwili vyembamba vilivyokuwa vikiinyonga hewa njiani. Na nikajizoeza kupuliza mlango mmoja, kuachia triga, na kusubiri tangi lijae kabla ya mlango unaofuata. Presha ikaacha kuzama, na mchoro kwenye kadibodi ukaanza kulingana. Mwenye kompresa ndogo ya lita 24 asitarajie gani hii imfae kwa milango. Kwa tangi la namna hiyo ni afadhali gani ndogo yenye nozeli ya milimita 1.0 au chini yake, hata kama itamchukua muda mrefu zaidi.

Hata hivyo milango bado haikuwa laini kabisa, na sababu ya pili ilikuwa baridi. Mbeya ya Julai kila mtu anaijua. Kopo la rangi lililolala karakanani linaamka limeganda kama uji wa jana, na ukichanganya kwa kipimo kilichoandikwa kwenye lebo unapata rangi nzito, kwa sababu vipimo hivyo kwa kawaida hukisiwa kwenye nyuzi 20 au zaidi, nasi asubuhi tunafanya kazi kwenye nyuzi 10 au 12. Niliazima kikombe cha kupimia uzito wa rangi, chenye mililita 100 na tundu la milimita 4 chini yake: unakijaza, unaondoa kidole, unahesabu sekunde mpaka uzi wa rangi ukatike. Rangi yangu ilichukua sekunde 36. Kwa nozeli ya 1.4 nimeona kwamba inakwenda vizuri kati ya 18 na 22. Nikaimwagia thina hadi ikafika 20, na hapo nikaingia kosa jingine, kwa maana rangi iliyozamishwa kwenye thina haifuniki mbao, inachuruzika upesi, na inataka kupulizwa mara nne mahali pa mara mbili. Kinachofaa ni kuipasha joto kwanza kwa kuliweka kopo kwenye ndoo ya maji ya moto yaliyoepuliwa kitambo, kisha kuongeza thina kidogo kidogo huku unapima. Baada ya dakika 20 kwenye ndoo, rangi ileile ilitoka kwenye 36 hadi 25 kabla sijaigusa kwa thina.

Hapa naomba nichepuke kidogo, maana nimeyaona kwa macho. Wakati wa baridi kuna mafundi wanaoingiza jiko la mkaa karakanani ili joto liwasaidie wao na rangi. Mvuke wa thina na laka ya selulosi unashika moto kabla hujauona, na unasafiri chini kwa chini hadi ulikofichwa mkaa. Jiko likae nje, na mota ya kompresa nayo iwe upande wa pili wa ukuta. Na anayepuliza klia ya magari, ile laka isiyo na rangi, yenye hadena ya kuikaza asijidanganye na kitambaa puani, kwa sababu kemikali iliyomo huharibu mapafu. Anahitaji barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira, maana vichujio vya mvuke peke yake si vya kutegemea.

Milango ile 14 ilimalizika mwishoni mwa Julai, na mteja alipitisha kiganja juu ya mmoja wao kutoka juu hadi chini bila kusema kitu. Kwa mkono wenyewe sina mengi ya kueleza: umbali wa shibiri moja kasoro, yaani sentimita 15 hadi 20, mkono uende sambamba na ubao bila kukunja kifundo, kila mstari ulalie nusu ya uliotangulia, triga ishikwe kabla ya ukingo na iachwe baada ya kuupita.

Mwezi Machi ulileta tatizo jipya, nami kwa ukaidi nikaanza tena kuishuku gani. Laka isiyo na rangi niliyopuliza juu ya meza ya mninga ilipata weupe wa ukungu ndani ya dakika mbili, mfano wa kioo kilichopuliziwa pumzi. Mvua ilikuwa imekatika saa moja kabla na mlima Loleza hauonekani. Thina inapokauka haraka huupoza uso wa rangi, na hewa iliyojaa unyevu ikigusa uso uliopoa huacha maji yake humo ndani ya laka. Hakuna skrubu ya gani inayoweza kuliondoa hilo. Nilisubiri hadi saa saba mchana jua lilipotoka, nikachanganya thina inayokauka taratibu, nikapuliza ukungu mwembamba wa thina hiyo juu ya weupe ule, nao ukayeyuka mbele ya macho yangu na ubao wa mninga ukarudi na mishipa yake yote.

Maji mengine hutoka ndani ya kompresa yenyewe. Wiki hiyohiyo nilifungua koki iliyo chini ya tangi, ambayo nilikuwa sijaifungua tangu Januari, na ikatoa zaidi ya nusu kikombe cha maji ya rangi ya kutu. Sasa nayamwaga kila jioni. Kichujio cha maji nacho nilikiondoa pale kilipokuwa kimebanwa ubavuni mwa kompresa, nikakifunga ukutani mwisho wa bomba la chuma la mita 5, kwa sababu hewa inayotoka kwenye pistoni ni ya moto na maji yake bado ni mvuke. Hayanasi kwenye kichujio mpaka hewa ipoe. Tangu hapo vile vishimo vya mviringo, mfano wa macho ya samaki, ambavyo vilitokea mara mbili kwenye kazi nyeusi, havijarudi. Siwezi kusema vyote vilitokana na mafuta ya kompresa yanayosafiri pamoja na hewa na maji, maana mwanafunzi wangu alikuwa akipangusia mbao kitambaa kilichokwisha kupakwa polishi ya viti, na silikoni ya polishi peke yake inatosha kuleta uharibifu huo.

Sasa makosa ambayo ni ya gani yenyewe.

La kwanza ni kifuniko cha chupa. Kina kitundu cha kupitisha hewa ili rangi ishuke, lakini kizibo cha plastiki kilichowekwa kuzuia rangi isimwagike kimebana mno. Gani ilipuliza vizuri kwa nusu dakika, kisha ikaanza kukohoa, na nikifungua kifuniko nasikia mlio wa hewa ikiingia. Nilikitoboa kwa keekee ya milimita 1 na jambo likaisha. La pili, nozeli haikukazwa kiwandani, na dalili yake ni mapovu yanayopanda ndani ya chupa kila unaposhika triga, kwa kuwa hewa inapenya mahali pa rangi. Niliikaza kwa spana iliyokuja na boksi. Spana hiyo ni laini kama sabuni na meno yake yalipanuka mara ya pili, hivyo tafuta yako. La tatu ni pakingi ya sindano, ile inayozuia rangi isivuje nyuma, iliyoanza kuvujisha rangi kwenye triga wiki ya sita. Nilikaza nati yake kupita kiasi, sindano ikawa inarudi kwa uvivu na rangi inaendelea kudondoka baada ya kuachia triga. Nikailegeza, nikaweka tone la mafuta mepesi yasiyo na silikoni, nikakaza kidogo kidogo hadi uvujaji ulipokoma, na hadi leo imeshika.

La nne ni geji, nayo ni mwongo. Nilipoifunga pamoja na geji ya yule mzee kwenye mpira mmoja, yake ilisoma 1.6 wakati yangu inasema 2. Kwa hiyo siku ile nilipoamini kwamba presha imezama hadi 1, huenda ilikuwa chini zaidi ya hapo. Sikuitupa, niliweka alama ya rangi nyekundu kwenye kioo chake mahali panapolingana na 2 ya kweli, na ninaitumia hivyo.

Seti ya 1.7, niliyoihitaji kwa praima nzito, ndiyo iliyonirudisha dukani. Mpulizo wake ulipinda kama mwezi mchanga, na nilipoizungusha kofia, ule mpindo ulihama upande. Niliilaza kofia kwenye thina usiku kucha, nikachokonoa matundu kwa kijiti cha kuchokolea meno, kamwe si kwa waya, kwa maana tundu lililokwaruzwa halitengenezeki tena. Halikubadilika kitu. Kwa kioo cha kukuzia niliona kwamba tundu moja la pembeni lilikuwa limejaa nikeli ya kiwandani hadi nusu.

Muuzaji, dada mmoja mwenye msimamo, alianza na lile tunalolijua sote: "Fundi, mali ikishatoka dukani hairudi." Sikubishana. Nilimwekea kaunta vipande viwili vya kadibodi, kimoja chenye mwezi unaotazama kushoto na kingine chenye unaotazama kulia, nikamwambia, "Dada yangu, hii ni kofia moja, nimeizungusha tu." Alivitazama kwa muda, akamwita kijana aliye stoo, akafungua boksi jingine na kunipa kofia yake. Duka hilo nalipa alama nzuri kwa hilo, ingawa nilitambua pia kwamba ndani ya boksi lile kumebaki gani ya mtu mwingine yenye kofia yangu.

Kusafisha hakuchukui hata robo saa ukikufanya mara unapomaliza: thina ndani ya chupa, puliza hadi itoke safi, toa sindano ukiivuta kwa nyuma, fungua kofia na nozeli, brashi, kitambaa. Usiitumbukize gani nzima kwenye thina, kwa kuwa oringi za ndani, zile pete za mpira, huvimba na kulainika. Mwili wake ni wa alumini na umekwisha kuchubuka rangi ya nje, lakini nozeli na sindano ni za chuma na bado hazijaonyesha ukakasi.

Kwa fundi wa samani mwenye kompresa ya lita 50 kwenda juu, ningeinunua tena kwa bei hiyohiyo, nikihesabu shilingi nyingine 40,000 za mpira mpana na kichujio cha maji. Kwa anayepuliza magari kila siku, sidhani kama itamaliza mwaka bila kudai pakingi na springi. Na vipuri ndivyo vinavyonipa wasiwasi kuliko vyote: nozeli, sindano na kofia vinapaswa kununuliwa kama seti moja iliyolingana, nami nimezunguka Mwanjelwa, Kabwe na Mafiati bila kupata seti ya 1.4 inayoingia kwenye gani hii. Ya akiba nimeiagiza Dar es Salaam kwa shilingi 28,000 na nauli ya basi, na wiki ya pili sasa kondakta ananiambia mzigo haujapakiwa.